Pipeti yangu inarudia jibu lile lile, lakini jibu si sahihi: tatizo ni nini?

Mwanafunzi wa Kemia:
Habari zenu wanamaabara. Ninatumia pipeti (kifaa cha kuvuta na kumimina kiasi kidogo cha kimiminika) ya maikrolita 1000. Niliiweka kwenye maikrolita 100, nikapima maji yaliyokenekwa mara kumi kwenye mizani yenye nafasi nne za desimali, na uzito wote ukawa kati ya gramu 0.0948 na 0.0953. Majibu yanakaribiana sana, ila yote yako chini ya nilichotarajia, yaani gramu 0.1 hivi. Cheti cha pipeti kinasema kosa halizidi asilimia 0.8. Je, niamini cheti au mizani?

Fundi Mizani:
Ndugu, viamini vyote viwili, kwa sababu havipingani. Kwanza, tenganisha usahihi na uthabiti. Uthabiti ni majibu kukaribiana yenyewe kwa yenyewe, na usahihi ni wastani wake kuukaribia ujazo halisi. Pipeti yako ina uthabiti mzuri. Kinachoyumba ni usahihi, na hata kurudia mara mia hakutaufichua ikiwa huna kipimo cha nje cha kulinganisha.

Pili, na hapa ndipo wengi wanapokwama, ile asilimia 0.8 ni ya ujazo wa juu kabisa wa pipeti, si ya ujazo uliouchagua. Kwa kiwango cha kimataifa cha pipeti, ISO 8655, pipeti ya maikrolita 1000 inaruhusiwa kukosea hadi maikrolita 8, na ruhusa hiyo haipungui unapoishusha hadi 100, ambako maikrolita 8 ni asilimia 8 nzima. Wastani wako ni takriban miligramu 95. Ukizidisha kwa 1.003, ili kufidia msongamano wa maji na jinsi hewa inavyoyainua kidogo maji mizanini kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, unapata kama maikrolita 95.3. Umepungukiwa na 4.7, kwa hiyo pipeti bado imo ndani ya kiwango, ingawa kwa kazi yako haitoshi. Tumia pipeti ya maikrolita 100, ambayo ruhusa yake ni maikrolita 0.8 tu.

Mkongwe wa Pipeti:
Nakubaliana na hesabu hiyo, lakini upungufu unaojirudia kiasi hiki hunifanya nitazame mkono kabla ya chombo. Unapomimina, je, unabonyeza kitufe kupita kikomo cha kwanza hadi kikomo cha pili, yaani hadi mwisho kabisa, ukigusisha ncha kwenye ukuta wa chombo? Ukiishia kikomo cha kwanza, tone hubaki kwenye ncha, na hubaki karibu sawa kila mara, ndiyo maana majibu yanakaribiana huku yote yakiwa pungufu. Vilevile, vuta na kumwaga maji mara tatu au zaidi kabla ya kupima, ili hewa iliyo kati ya pistoni na maji ijae unyevu. Hewa kavu hunywa maji na kusukuma sehemu ya kimiminika nje.

Nakuomba pia usiiweke pipeti kwenye maikrolita 105 ili kuficha pengo. Pima kwanza kwenye 100, 500 na 1000. Kama upungufu ni ule ule wa maikrolita kote, tatizo ni tofauti na lile linalokua pamoja na ujazo, na fundi atahitaji kujua ni lipi.

Fundi Mizani:
Nyongeza: tarakimu ya mwisho ya mizani yako ni miligramu 0.1, yaani takriban maikrolita 0.1. Sehemu ya mtawanyiko ulioona huenda ni ya mizani. Ukishuka hadi maikrolita 10, mizani hiyo haitafaa tena kuihukumu pipeti.

Mwanafunzi wa Kemia:
Nimerudia. Ni kweli nilikuwa naishia kikomo cha kwanza. Baada ya kulowesha ncha na kubonyeza hadi mwisho, wastani umekuwa gramu 0.0982, sawa na maikrolita 98.5 hivi. Kesho nitapima kwenye 500 na 1000 kwa utaratibu huo huo, na myeyusho wa sampuli nitaupima kwa pipeti ya maikrolita 100.