Fezanti wa kuwindwa, South Dakota, Marekani: kazi yao ikoje?

MamaNeema: Hamjambo ndugu. Niko Sioux Falls mwaka wa pili, nafanya machinjioni, na vidole vya mkono wa kulia vimeanza kufa ganzi. Nasikia kuna shamba nje ya mji linalofuga fezanti wa kuwindwa (ndege wa jamii ya kuku, mwenye mkia mrefu), wanataka watu kuanzia Aprili. Kuku nimefuga tangu Uvira. Je, kazi ni ileile? Na kweli tunawalea ili wapigwe risasi?

KakaJ: Dada, karibu. Nimefanya misimu minne kwenye shamba la namna hiyo. Fezanti si kuku. Kuku akikuona na ndoo anakufuata. Huyu anaruka juu mpaka anagonga wavu uliofunika banda. Piga mluzi kabla ya kufungua mlango, wajue ni wewe.

Mayai hukaa kwenye mashine siku 24 hivi. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 35 (kipimajoto chao kitaandika 95, kwa hesabu ya Marekani). Joto likishuka wanakimbilia pembeni na kupandana, wa chini wanakosa hewa. Mwaka wangu wa pili gesi ya kupasha banda joto iliisha saa tisa usiku. Nilikuta rundo kwenye kona: wa juu wanalia, wa chini wamelala bapa, miili bado ina joto mkononi. Nilihesabu 212. Tangu siku hiyo kona zote tunazizungushia maboksi, banda liwe duara. Ukifika, tazama hilo kwanza. Na geji ya gesi isome mwenyewe kila jioni, usingoje kuambiwa.

Wakikua wanadonoana mpaka damu, kwa hiyo huvalishwa vimiwani vya plastiki vinavyobanwa puani, wasione mbele. Unashika mamia kwa siku, na hapo vidole vyako vitateseka. Mwambie msimamizi mapema akuweke kwenye chakula na maji.

Risasi, ndiyo, ndiyo kazi yenyewe. Nyama yao inaliwa, na mimi nimeona bora ndege aliyekuwa na nafasi ya kuruka. Lakini siku ya kuwapakia kwenye kreti huwa siongei na mtu.

BabaFuraha: Theluji pia, mama. Ile ya Oktoba ni nzito, ina maji, inalala juu ya wavu mpaka unalegea. Tuliamshwa usiku na mifagio mirefu, tunagonga wavu kutoka chini, theluji inatuingia shingoni. Wavu ukichanika, ndege wa mwaka mzima wameondoka. Tafuta koti lisilopitisha maji.

MamaNeema: Mungu awabariki. Kaka, wanalipa kwa saa? Na mimi sina gari.

KakaJ: Kwetu ilikuwa kwa saa. Nilipanda na mwenzetu, tukichangia mafuta. Ila uliza kama wana nyumba ya wafanyakazi palepale. Usiku ule gesi ilipoisha nilikuwa mwendo wa dakika 40.