Shokapu za upepo: mnazijaza kwa kompresa ya tairi, halafu mnadai zimekufa!

Wakuu, uzi huu una hasira, atakayeguswa avumilie.

Pikipiki ya Harley-Davidson, Electra Glide au Road King ya kabla ya 2017, inaingia gereji imelala nyuma. Fundi anakandamiza siti mara mbili, anatikisa kichwa: "Shokapu zimekufa boss, leta jozi." Jozi nzima! Sabuni hajapaka, geji hajashika. Mara nyingi kilichokufa ni oringi moja (kipete cha mpira kinachozuia upepo), au ile pini ya ndani ya valvu, ambayo ni sawasawa na ya tairi la gari.

Wabaya zaidi ni watu wa kompresa. Shokapu hizi hubeba hewa kidogo mno, na nyingi mwisho wa presha yake ni psi 35 (baadhi 50, soma kitabu cha pikipiki yako). Kompresa ya tairi ina psi 100 na zaidi. Gusa kidogo tu, sili imechanika, na sasa kweli zimekufa. Tumia pampu ya mkono yenye geji yake, ile inayofunga kwanza kwenye valvu ndipo isukume pini.

Hapo kwenye geji ndipo wengi mnajidanganya. Geji ya kawaida ya tairi ikiwekwa na kutolewa, inakula psi kadhaa kila mara. Mtu anapima asubuhi, anapima jioni, anapiga kelele "inavuja!" Anayevujisha ni yeye. Jaza psi 30, acha ilale, pima tena asubuhi kwa pampu ile ile. Kumbuka baridi nayo hushusha: nyuzi joto 10 za Selsiasi zikipungua, karibu psi 1.5 imeondoka bila tundu lolote.

Ikishuka zaidi ya hapo, changanya sabuni ya vyombo kiasi kimoja na maji vinne, paka kwa brashi, subiri dakika tatu. Msisubiri mapovu makubwa kama ya pancha. Uvujaji wa polepole hutoa povu jeupe, laini, linalokua taratibu kama la maziwa. Anza kwenye mdomo wa valvu, halafu kiungo cha njia tatu kinachogawa upepo kwa shokapu mbili, halafu pale tyubu (kibomba chembamba cha upepo, si tyubu ya tairi) inapoingia kila shokapu. Zote mbili zinatumia valvu moja, kwa hiyo upande mmoja ukivuja, pande zote hulala. Kagua pia tyubu inaposuguana na fremu.

Kabla ya kufungua kiungo, toa upepo wote, polepole. Ukiutoa kwa pupa unatoka na mafuta, na mafuta kwenye diski ya breki au tairi ni ajali. Ncha ya tyubu ikiwa na mikwaruzo, kata milimita 5 kwa wembe, iwe mraba kabisa. Plaisi huibana ikawa yai, na oringi haishiki yai. Weka oringi mpya ya saizi ile ile, paka grisi ya silikoni kidogo tu, sukuma tyubu mpaka mwisho. Pini ya valvu kazeni kwa kifaa chake, kwa vidole viwili, si kwa nguvu za nati ya gurudumu.

Na tepu nyeupe ya mabomba mnaizungusha pale ya nini? Pale upepo unazuiwa na oringi, si nyuzi za nati! Ile dawa ya pancha ya majimaji ndiyo kabisa msiiguse: inaziba tyubu yenyewe, ikifika ndani inaharibu mafuta ya shokapu.

Mafuta kidogo yakiruka wakati wa kutoa upepo si ushahidi wa kifo. Ushahidi ni mwili wa shokapu uliolowa mafuta, ukaufuta, ukaendesha, ukalowa tena. Hapo ndipo mteja anaambiwa alete jozi.