Paa linavuja na Krismasi tunatarajiwa Rombo: tuanze na lipi?

Mama wa Kimara ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi na mume wangu tumekuwa na mjadala ambao haujafika kwenye ugomvi, lakini umetuchosha sote wawili, nami ningependa kusikia kutoka kwa wanandoa waliowahi kupita njia hii.

Tunaishi Kimara, Dar es Salaam, katika nyumba tuliyoijenga kidogo kidogo na kuihamia kabla haijakamilika, kama walivyofanya majirani zetu wengi. Tangu mvua za vuli zilipoanza, dari ya chumba cha watoto ina doa la maji linalopanuka kila mvua inyeshapo, na sebuleni jipsamu imeanza kupinda karibu na ukuta. Fundi tuliyemwita alisimama uani, akalitazama paa kutoka chini, akatuambia tuezue lote na kununua bati jipya. Makadirio yake yanakaribia kumaliza akiba yetu.

Wakati huohuo, mtoto wetu wa mwisho hajabatizwa, na wakwe zangu walioko Rombo, mkoani Kilimanjaro, wamekwisha kutangaza kwamba atabatizwa huko wakati wa Krismasi. Mbuzi wa ndafu, wa kuchomwa mzima, ametengwa, na mashangazi wamekwisha kugawana kazi ya mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi. Mume wangu anasema kwamba paa limevumilia siku zote hizi na litavumilia hadi mwakani, ilhali wazazi wake wanazidi kuzeeka. Mimi nasema kwamba watoto wanalala chini ya dari yenye ukungu, na Januari tutadaiwa ada ya shule. Kila mmoja wetu anaiona hoja ya mwenzake, na ndiyo maana tumekwama. Nyumbani kwenu huwa mnapangaje mambo ya namna hii?

Fundi Ezeko amejibu:

Dada, kabla ya kuzungumzia fedha, mtafuteni fundi mwingine, kwa sababu paa halikaguliwi kwa kutazamwa kutoka uani. Maji yakipenya kwenye tundu moja hufuata papi (mbao nyembamba zinazopigiliwa bati) au mbao ya kenchi inayobeba paa, yakateremka nayo, kisha yakadondokea mahali pengine kabisa. Doa lililo juu ya vitanda vya watoto halithibitishi kwamba tundu liko hapo. Fundi apande ndani ya dari mchana wa jua kali, taa zikiwa zimezimwa. Penye tundu, nukta ya mwanga itajionyesha yenyewe, naye aiwekee alama kwa chaki. Pasipoonekana mwanga, mmwagie maji paani kwa mpira, mkianzia chini na kupanda taratibu kuelekea kwenye kofia ya kilele cha paa, huku mtu mwingine akiwa ndani anaangalia yanapoingilia. Mkianzia juu, maji yatatiririka paa zima na hamtajua ni sehemu gani inayopitisha.

Nikisikia kwamba jipsamu ya sebuleni imepinda karibu na ukuta, ninashuku gata (mfereji wa maji ukingoni mwa paa) iliyoziba kwa majani au maungio ya bati na ukuta, si bati lenyewe. Kwenye chumba cha watoto, aangalie misumari iliyopigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongoni, na ile ambayo mpira wake umekauka na kupasuka. Kasoro hizi hurekebishwa kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na kuezua. Kuezua lote kuna maana iwapo kutu imeyala mabati mengi, au mbao zimeoza, au mwinamo wa paa ni mdogo kiasi kwamba maji yanarudi nyuma chini ya maungio. Hata ikiwa hivyo, sishauri mfungue paa mvua za vuli zikiwa zinaendelea. Kwa Dar es Salaam, Januari na Februari ndiyo miezi inayofaa kwa kazi hiyo, kabla masika hayajaanza mwezi wa Machi.

Mkifika dukani, kumbukeni kwamba namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Wauzaji wengine hawalisemi hilo mpaka waulizwe.

Mrombo wa Mjini amejibu:

Shemeji, nakupa pole, lakini naomba nimtetee kidogo mume wako. Kwa sisi watu wa Kilimanjaro, Desemba si likizo tu. Ndio wakati ambao kihamba, yaani shamba la ukoo, kinapata watu, mashauri ya ukoo yanazungumzwa, na wajukuu wanafahamiana na babu yao. Mtoto akibatizwa mwezi wa saba, watu wanaompa baraka hawatakuwapo, kwani wengi watakuwa wametawanyika Dar es Salaam, Arusha na Mwanza.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo huenda wakwe zako hawakulitaja. Kwa kawaida Kanisa Katoliki hutaka mtoto abatizwe katika parokia ya wazazi wake, hivyo mkienda Rombo mtahitaji barua ya paroko wenu wa Kimara, naye huenda akaanza kwa kuuliza mnavyoshiriki kwenye jumuiya ndogondogo na kama mmehudhuria mafundisho ya wazazi. Lishughulikieni sasa. Nimeona sherehe ambayo ndafu ilikuwa tayari imesimamishwa mezani na majani mdomoni, huku ubatizo wenyewe ukiwa umeahirishwa kwa sababu ya karatasi moja.

Kuhusu gharama, nauli siyo inayomaliza fedha za safari ya Desemba. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, hutangaza nauli elekezi za mabasi, kwa hiyo mnaweza kuzipigia hesabu mapema na kukata tiketi kabla ya msongamano wa kituo cha Magufuli pale Mbezi. Treni ya abiria ya Moshi nayo ilirejea Desemba 2019, baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20. Haiondoki kila siku, basi ulizieni ratiba kwanza. Kinachomaliza fedha ni bahasha, vitenge vya mashangazi, sukari na mchele wa kila nyumba mnayopita kusalimia. Hapo ndipo pa kupunguza. Na atakayempigia baba simu kumweleza kwamba mwaka huu mikono ni mifupi ni mume wako mwenyewe, si wewe. Neno hilohilo likitoka kwa mkwe, litasikika vingine.

Bi Mkubwa wa Tanga amejibu:

Mwanangu, hayo ya bati na ya ubatizo wamekwisha kuyasema wanaoyajua. Mimi nina wasiwasi na usiku wa leo. Wahamishe watoto wakalale chumba kingine, hata kama ni kwa magodoro chini, kwa maana jipsamu iliyonyonya maji huwa nzito na inaweza kuanguka bila kutoa ishara. Kama taa ya chumba hicho imepita karibu na doa, izimeni kwenye boksi la swichi kuu ya umeme mpaka fundi wa umeme aione. Ukungu ufuteni kwa kitambaa chenye maji, mkiwa mmefungua madirisha. Msiufagie ukiwa mkavu, kwani vumbi lake ndilo linaloingia vifuani mwa watoto.

Kuhusu kupanga, marehemu mume wangu nami tulikuwa na suala kama lenu kila ilipokaribia Idd, kwa kuwa wakwe zangu walikuwa Pangani na nyumba yetu ya Tanga haikuisha matengenezo, ukizingatia hewa ya chumvi inavyoyala mabati ya pwani. Kilichotusaidia ni kutenga vibubu viwili, kimoja cha nyumba na kingine cha safari na shughuli, na kukubaliana kwamba kimoja hakimkopeshi mwenzake. Idd nyingine tulikwenda na kanzu mpya, nyingine tulikwenda na za mwaka uliopita, na Pangani hakuna aliyetufungia mlango.

Baba Wawili wa Segerea amejibu:

Nitatofautiana na waliotangulia. Mbatizeni mtoto Kimara, na babu na bibi walipiwe nauli waje. Watu wawili kusafiri ni nafuu kuliko familia nzima. Mbuzi aliyetengwa hataoza, ataendelea kula majani hadi mwakani. Naona wengi wetu tunaingia Februari tukiwa na madeni kwa sababu tuliona aibu kusema hapana mwezi wa Novemba.

Mama wa Kimara ameandika tena:

Bi Mkubwa, shikamoo, na asante sana. Watoto wamehamia chumbani kwetu tangu jana, na taa ile tumeizima. Baba Wawili, wazo lako ni zuri kwa hesabu, ila mkwe wangu wa kiume ana magoti mabovu na safari ya basi ya kutwa nzima hataiweza.

Leo amekuja fundi mwingine, akapanda darini kama Fundi Ezeko alivyoelekeza. Gata ya upande wa sebule ilikuwa imejaa majani ya mwembe wa jirani, na maji yalikuwa yakifurika na kuingia ukutani. Juu ya chumba cha watoto kuna misumari kadhaa iliyolegea na bati moja lenye kutu. Mengine anasema ni mazima. Mume wangu aliposikia hivyo alikubali mwenyewe kwamba kazi hiyo ifanywe wiki hii, nami nimekubali twende Rombo kwa siku chache, bila vitenge. Kesho anakwenda kumwona paroko kuhusu barua.

Nina swali moja lililobaki. Fundi huyu anataka tumkabidhi fedha yote, ya vifaa na ya ufundi, leo hii. Je, ndivyo inavyofanyika?

Fundi Ezeko amejibu:

Hapana, dada. Vifaa nunueni wenyewe pamoja naye, na risiti mkae nazo. Mwambieni mume wako apige picha migongo ya bati la zamani na kupima nafasi kati ya mgongo mmoja na mwingine, kwa sababu bati jipya lisipolalia vizuri la zamani, mtakuwa mmetengeneza mvujo mpya. Ufundi mlipeni sehemu anapoanza na sehemu anapomaliza, na kiasi kidogo kibaki mkononi mwenu hadi mvua moja nzuri inyeshe. Fundi anayeiamini kazi yake hatalikataa hilo. Na huyo mwenye mwembe mzungumze naye kwa upole kuhusu yale matawi, mkiwa na embe zake mkononi ikiwezekana, kwa kuwa ndio msimu.