Naomba ushauri: historia ya madai ya jamii za asili ianzie wapi?

Mwana wa Kadutu: Wakubwa zangu, salamu kutoka Bukavu. Ninaandika kazi ya kumaliza masomo kuhusu Batwa, jamii ya wawindaji wa msituni, walioondolewa katika msitu wa Kahuzi-Biega hapa Kongo, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975. Wengine wananiambia nianzie Minneapolis mwaka 1968, ilikoundwa American Indian Movement, chama cha kudai haki za Wahindi Wekundu wa Marekani. Wengine wanataka nianze na uhuru wetu. Nishike lipi?

Mzee wa Nguba: Mdogo wangu, mwaka 1968 umechelewa mno. Deskaheh, kiongozi wa Haudenosaunee, muungano wa mataifa ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, alikwenda Geneva mwaka 1923 kuishtaki Kanada mbele ya Ushirika wa Mataifa uliotangulia Umoja wa Mataifa, wala hakupewa nafasi ya kusikilizwa. Lakini kwako wewe kiini kiko kwa Wabelgiji. Katika miaka ya 1950, walipobanwa katika Umoja wa Mataifa kuhusu koloni lao la Kongo, walijibu kwamba nchi nyingi huru, zikiwemo za Amerika, nazo zina watu wasiojitawala ndani ya mipaka yao, hivyo nazo ziupe Umoja huo taarifa za watu hao, kama wakoloni walivyotakiwa kutoa za makoloni yao. Walikuwa wanajikinga, hilo halina ubishi, ila walilolisema lilikuwa na ukweli ndani yake. Azimio namba 1541 la Umoja wa Mataifa, la Desemba 1960, liliwakatalia: nchi ya kutolewa taarifa ni ile iliyotengana kijiografia na mtawala wake. Kongo ilikwisha kuwa huru tangu 30 Juni, na Batwa, waliokuwa ndani ya mpaka, hawakuhesabiwa kuwa na dai lolote la namna hiyo. Uhuru na haki za jamii za asili viliachana hapo, nami ningeianza sura hapo hapo.

Dada wa Ibanda: Mzee amesema vema, ila usiishie kwa wanadiplomasia. Mwaka 1989 Moringe ole Parkipuny, Mmaasai wa Tanzania, alisimama Geneva kwenye kikao cha Umoja wa Mataifa akaeleza kwamba wafugaji na wawindaji wa Afrika nao wanapokonywa ardhi, jambo ambalo serikali nyingi zetu zilikuwa zikilikwepa kwa kusema Waafrika wote ni wenyeji. Ukitoka hapo, pitia haraka Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za jamii za asili, kisha sheria yetu ya 15 Julai 2022 kuhusu Wambilikimo, ambao Batwa ni miongoni mwao, na ukae zaidi kwenye uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu uliotangazwa mwaka 2024, ambao uliikuta serikali na hatia kwa Batwa wa Kahuzi-Biega.

Mwana wa Kadutu: Asanteni sana. Nitaanza na azimio la 1960, na Minneapolis nitaipa aya moja.