Krediti 75 za Running Start: binti aombe uhandisi kama mwanafunzi mpya au kama mwanafunzi wa kuhamia?

Mama Rehema (Kent, Washington)

Ndugu zangu, poleni na majukumu. Binti yangu yuko darasa la kumi na mbili, na tangu mwaka jana anasoma katika chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili) kwa mpango wa Running Start, ule unaowaruhusu wanafunzi wa madarasa mawili ya mwisho ya sekondari kuchukua masomo ya chuo bila kulipia ada ya masomo. Kufikia Juni atakuwa na krediti 75, wakati shahada ya miaka miwili inahitaji 90. Anataka uhandisi wa mitambo katika University of Washington, pale Seattle.

Baba yake, aliyesoma stashahada Dar es Salaam kisha akaitumia kuingia chuo kikuu, anashikilia kwamba amalizie hizo 15 zilizobaki, apate cheti cha shahada hiyo, halafu aombe kuingia mwaka wa tatu. Shuleni wanamwambia aombe sasa pamoja na wenzake. Mimi nina hofu mbili: akiomba kama mwanafunzi mpya krediti zitapotea, na akisubiri atakuta nafasi zimejaa. Mpaka sasa amesoma uandishi wa Kiingereza, historia, saikolojia, na masomo ya hisabati, kemia na fizikia yenye namba MATH& 151, CHEM& 121 na PHYS& 114, na wastani wake ni 3.7 kati ya 4. Naomba ushauri wa aliyepita njia hii.

Fundi Mitambo (Tukwila)

Shikamoo mama. Mimi niliingia idara hiyohiyo kwa njia ya kuhamia kutoka chuo cha jamii, kwa hiyo nisingependa mtu aingie humo kwa kudhani ni njia ya mkato.

Krediti hazipotei. Kinachoamua mtu aombe kwa mlango gani ni wakati alioanza chuo, wala si wingi wa krediti alizonazo. Anayetoka sekondari kwenda moja kwa moja University of Washington huomba kama mwanafunzi mpya, hata kama mkononi ana shahada kamili ya miaka miwili aliyoipata kwa Running Start, na krediti zake huhesabiwa akishapokelewa. Lakini akihitimu Juni, kisha msimu wa vuli akarudi chuo cha jamii kumalizia hizo 15, tayari amekuwa mwanafunzi wa kuhamia, na mlango wa kwanza umefungwa.

Tofauti ya milango hiyo ni kubwa. Tangu mwaka 2018 wanafunzi wapya wanaochagua uhandisi hupokelewa na kitivo chenyewe bila kutajiwa idara, na baadaye huomba kupangwa. Aliyeingia hivyo akafanya vizuri ana uhakika wa kupata idara mojawapo ya uhandisi, ingawa huenda isiwe ile aliyoitaja ya kwanza. Anayehamia huomba idara moja kwa moja, idara inampima kwa masomo ya msingi aliyokwisha kuyamaliza, na hakuna aliyemwahidi chochote. Maombi ya wanafunzi wapya hufungwa tarehe 15 Novemba, na ya kuhamia kwa msimu wa vuli tarehe 15 Februari, kwa hiyo mama, uamuzi huu hauna wiki nyingi.

Tena Running Start haimlipii masomo ya msimu wa vuli baada ya kuhitimu sekondari. Hizo krediti 15 ambazo baba anataka amalizie, akizichukua wakati huo mtazilipia. Na kwa heshima zote kwa mzee, naye alipoingia chuo kikuu kwa stashahada, si alianzia mwaka wa kwanza?

Mwalimu Saidi (Tacoma)

Aliyenitangulia amesema kweli kuhusu milango. Mimi nitasema juu ya orodha ya masomo, kwa sababu ndiyo iliyonishtua zaidi kuliko suala la tarehe.

Mama Rehema, namba 75 inawadanganya. Uhandisi ni masomo yanayopandiana kama ngazi, na huwezi kuruka kidato. Kalkulasi huchukua robo tatu za mwaka, yaani MATH& 151, 152 na 153. Fizikia inayohitajika ni ile inayotumia kalkulasi, PHYS& 221 hadi 223, na juu yake ndipo huja ENGR& 214, 215 na 225, yaani mizani ya nguvu, mwendo, na uimara wa vifaa. PHYS& 114 aliyoisoma binti hutumia aljebra tu, na ni ya wanaoelekea fani nyingine. CHEM& 121 ni kemia ya utangulizi, ilhali mhandisi anatakiwa CHEM& 161. Kwa hiyo katika yote uliyoyataja, yanayomsogeza kwenye uhandisi ni MATH& 151 na uandishi; mengine yatamsaidia katika masharti ya jumla ya shahada, jambo ambalo si dogo, ila hayatamfikisha mwaka wa tatu wa fani yoyote ya uhandisi. Hata akibaki chuo cha jamii, ngazi hiyo itamchukua zaidi ya mwaka mmoja.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi hawaambiwi mapema. Shahada za miaka miwili si moja. Ile ya jumla inayoitwa DTA hufunika masomo ya jumla na humfaa anayekwenda kusoma historia au biashara. Kwa uhandisi kuna AS-T ya mkondo wa pili, iliyojengwa juu ya kalkulasi na fizikia. Kijana wangu aliandikishwa MATH& 107, hisabati ya jumla isiyoelekea kalkulasi, na mshauri wa chuo kimoja nisichokitaja kwa hoja kwamba krediti ni krediti; ilibidi aanze upya ngazi ya hisabati akiwa na miaka kumi na tisa, na sijalisahau neno lile.

Ushauri wangu ni kwamba robo ya majira ya baridi achukue MATH& 152 na CHEM& 161, na ya masika MATH& 153 na PHYS& 221, hata kama ataishia na krediti pungufu ya 75. Asijilimbikizie mzigo, maana alama za Running Start hubaki kwenye rekodi ya chuo siku zote, na kamati inayosoma maombi ya uhandisi hutazama hisabati na sayansi kabla ya saikolojia.

Dada wa Oakland

Kwa faida ya wasomaji walioko California: huku nako anayesoma chuo akiwa sekondari huomba University of California kama mwanafunzi mpya. Ila huku kuhamia kutoka chuo cha jamii kumewekewa njia iliyo wazi zaidi. Tovuti ya ASSIST huonyesha somo kwa somo kinachokubaliwa wapi, na kampasi sita hutoa ahadi ya kupokelewa kwa maandishi. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo, na hata hizo sita huondoa baadhi ya fani, mara nyingi zilezile zenye ushindani. Msichukue ushauri wa jimbo moja mkautumia jimbo jingine.

Mama Rehema

Asanteni sana. Baba yake amesoma yote, akakaa kimya, kisha akauliza: akiomba sasa, wakamkubali chuo lakini wakamkatalia uhandisi, itakuwaje?

Fundi Mitambo

Hilo hutokea. Anaweza kuingia bila fani kisha kugombea nafasi chache zinazobaki ndani, jambo ambalo mimi sipendi kumshauri mtu, na kwa sayansi ya kompyuta ningemkataza kabisa. Anaweza pia kuikataa nafasi hiyo, akaendelea na chuo cha jamii kwa mkondo wa pili aliousema Mwalimu, akaomba idara akiwa amekamilisha fizikia. Kuomba sasa hakumzuii kuomba tena. Na aombe pia Washington State, ambayo ina uhandisi wa mitambo Pullman na Everett. Wakati mnajadiliana, ajiandikishe CHEM& 161 wiki hii, kwa sababu viti vya maabara huwahi kwisha.

Mama Rehema

Ameingia kujiandikisha jana usiku. Amepata kiti cha maabara ya saa moja asubuhi, na baba yake ndiye atakayempeleka.