Fuso moja na ekari 30 Urambo: hela ya gari na ya shamba zinagombana, nizitenganisheje?

Mpanda Karanga
Mwangaluka wakuu. Nina Fuso ya tairi sita na shamba la ekari 30 huku Urambo, mahindi ekari 22 na karanga 8. Gari linabeba mazao ya watu kwenda Tabora mjini, mara mojamoja linafika hadi Kigoma. Shida ni mzunguko wa hela. Mvua zikianza Novemba, hela yote ya gari inamezwa na mbegu na mbolea. Tairi zikiisha, mfukoni hamna kitu. Mahindi yakivunwa nayo yanauzwa bei ya kutupa ili gari litoke gereji. Wenye vyote viwili mnatenganishaje? Gari mnalitunzaje kwa vumbi hili letu? Na mahindi niuze shambani au niweke ndani?

Karani wa Stendi
Mkuu, lifanye shamba liwe mteja wa gari. Fuso ikibeba mbolea yako au mahindi yako, andika nauli ileile ambayo ungemtoza jirani, na uihamishe kweli kutoka hela ya shamba kwenda hela ya gari. Laini mbili za simu zinatosha. Ukiazima upande mmoja, andika deni na tarehe ya kulirudisha. Bila hivyo gari litaonekana linakula hasara kumbe linabeba mizigo ya shamba bure.

Daftari la safari likae ndani ya gari: kilomita za kuondoka na za kurudi, mzigo, nauli, lita za dizeli, posho ya dereva na utingo, ushuru, pancha. Hapo ndipo unapata gharama ya kila kilomita. Mfano, tairi sita za shilingi 500,000 kila moja ni 3,000,000. Zikidumu kilomita 40,000, kila kilomita inakula shilingi 75 za tairi. Urambo hadi Tabora kwenda na kurudi ni kama kilomita 180, kwa hiyo 13,500 iwekwe pembeni siku hiyohiyo, kabla hujaita kitu chochote faida. Oili, breki na springi zipigie hesabu hivyohivyo.

Dizeli ipime tanki kujaa mpaka tanki kujaa. Jaza hadi shingoni, andika kilomita, piga safari, jaza tena kwenye pampu ileile. Lita zilizoingia ndizo zilizotumika. Gari lililozoea kilomita 4 kwa lita likishuka hadi 3, kabla hujamshuku dereva angalia ea klina (chujio la hewa ya injini), upepo wa tairi na breki zinazoshika. Hivyo vikiwa sawa, mwite dereva mkae.

Pembejeo zitengee hela siku mahindi yanapouzwa. Kwa mfuko mmoja wa DAP (mbolea ya kupandia) na mmoja wa urea (ya kukuzia) kwa ekari, ekari 22 zinataka mifuko 44 ya kilo 50, yaani tani 2.2. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya Fuso inayorudi tupu kutoka Tabora mwezi wa Oktoba, barabara ikiwa bado kavu. Taarifa zako kwenye daftari la ruzuku la kijiji zihakiki mapema. Ukingoja Desemba utapanga foleni na wilaya nzima.

Fundi Springi
Naongelea gari tu, mashamba siyajui.

Ea klina ndiyo roho ya injini kwenye vumbi. Ipulizwe upepo kutoka ndani kwenda nje, taratibu, na isigongwegongwe kwenye tairi kama wanavyofanya utingo wengi, maana karatasi ikipasuka vumbi linapita na kusaga ringi. Dalili yake ni gari kuanza kunywa oili na kutoa moshi wa bluu. Oili badilisha kila kilomita 5,000 pamoja na filta yake. Filta ya dizeli iwahishe zaidi kama unanunua mafuta ya madumu, na maji chini yake yamwage kila wiki. Matenki ya upepo wa breki nayo yafunguliwe chini yatoe maji kila jioni.

Springi: watu hubadilisha jani moja, wanakaza yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), wanaondoka. Majani yakishapata mzigo wa kwanza yanakaa vizuri na yubolti zinalegea. Zisipokazwa tena, senta bolti, ile inayopita katikati ya majani, ndiyo inabeba kazi yote, inakatika, ekseli inahama na gari linatembea upandeupande. Kwa hiyo kaza baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Nati za tairi nazo zirudie baada ya kilomita 50 hadi 100. Na kama Fuso yako ni ya zamani, nati za upande wa kushoto mara nyingi zina nyuzi za kinyume. Kijana asiyejua atakata stadi (bolti ya tairi) akidhani anafungua.

Tairi pacha za nyuma ziwe saizi moja, uchakavu unaolingana na upepo sawa. Iliyo kubwa hubeba mzigo wa mwenzake, inachemka na kupasuka. Mawe yanayonasa katikati yatolewe kila mnaposimama.

Mizani: sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 ekseli ya mbele na tani 10 ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne. Pima gari tupu ujue limebaki na nafasi gani, na usipite uwezo ulioandikwa kwenye kadi. Unaweza kuwa ndani ya jumla na bado ukakamatwa kwa sababu magunia yamerundikwa mkiani. Panga kuanzia karibu na kichwa. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ikatae: gunia 80 za kilo 100 ni tani 8, lakini zikiwa za kilo 130 ni tani 10.4, na faini itakufuata wewe mwenye gari.

Mama Ghala, Nzega
Usiuze yote wala usifiche yote. Uza ya kulipa vibarua na madeni ya mavuno, yanayobaki yaingie ndani yakiwa makavu kweli, unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda ukutani, rudisha juani.

Huku kwetu adui ni dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi na kuyageuza unga. Barani Afrika aligunduliwa kwanza mkoani Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na huingia mahindi yakiwa bado shambani. Mahindi yakikauka usiyaache yamesimama ukingoja gari lipate nafasi. Mfuko wa PICS, ule wa kuhifadhia nafaka bila hewa, una nailoni mbili ndani na kiroba nje. Kila nailoni ikamuliwe hewa na ifungwe peke yake, juu ya mbao, mbali na ukuta. Mfuko ukitobolewa na panya au msumari wa bodi ya gari, kazi imekwisha. Kwa hiyo siku ya kusafirisha hamishia kwenye viroba vya kawaida.

Karanga usizinyunyizie maji ili zibanguke kirahisi. Ndipo sumukuvu inapoanzia.

Udongo wetu ni wa kichanga, urea inazama na mvua. Gawa mara mbili: nusu wiki ya tatu, nusu wiki ya sita, ukishapalilia.

Mpanda Karanga
Asanteni sana wakuu. Nikitoka Kigoma napata chumvi ya Uvinza kama mzigo wa kurudi. Kuna ubaya?

Fundi Springi
Ipo hela, ila chumvi inakula chuma. Tandika turubai chini na juu, magunia yasiguse bodi. Ukishusha, fagia mpaka kwenye kona, osha chesesi na springi kwa maji mengi, acha ikauke, piga greasi krosi (viungo vya propela) na pini zote. Na usipakie mbolea kabla bodi haijakauka, urea inavuta unyevu na mifuko itaganda.

Karani wa Stendi
Halafu stakabadhi ya ushuru wa mazao ikatwe kwenye halmashauri ulikopakia, ikae na dereva. Ukisema "nitalipia mbele" unalipa mara mbili.