Mjadala: Fundi umeme afundishwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Wadau, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Kuna hoja ninayoisikia kila mara kwa mafundi wa hapa Dodoma: vifaa vya umeme vimeandikwa kwa Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, basi anayetaka kuujua umeme aujue kwa Kiingereza, Kiswahili kibaki cha kupatana bei na mteja. Mimi napinga, na nitaanza na yaliyonikuta.

Mwaka jana friji letu lilianza kung'ata. Ukishika mlango ukiwa pekupeku, vidole vinasisimka. Nikampigia fundi: "Nyumba ina shoti." Akaja na sakiti breka mpya, ile swichi inayojikata yenyewe mkondo ukizidi, akatoa ya zamani, akalipwa, akaondoka. Jioni mke wangu akaligusa friji, akarushwa mkono. Simwiti fundi yule tapeli. Alisikia "shoti" akaelewa waya zimegusana. Mimi nilimaanisha tunapigwa na umeme. Kwa Kiingereza hayo ni mambo mawili yenye majina mawili, "short circuit" na "electric shock". Sisi tumeyabana yote kwenye neno moja.

Tofauti hiyo inagusa roho za watu. Waya zikigusana, mkondo unapanda ghafla na breka inakata. Lakini umeme unaopita mwilini unaweza kuua ukiwa sehemu ndogo tu ya ampea moja, na breka ya ampea 16 haishtuki, kwa sababu kwake ni kama umewasha taa. Anayeokolewa huokolewa na kile kifaa ambacho mafundi hukitaja kwa herufi zake tatu, RCD. Kinalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na za majumbani kwa kawaida hukata zikiona miliampea 30, yaani sehemu 30 kati ya elfu za ampea moja, zimepotea njiani. Sasa mshawishi mama mwenye nyumba atoe hela ya kifaa hicho, wakati anaamini "cha kuzuia shoti", yaani breka, tayari anacho ukutani!

Fundi wa pili alifungua soketi ya friji akakuta waya wa ethi unaning'inia, haukufungwa popote. Na hilo neno ethi ndilo linaloniuma zaidi. Limetoka kwenye "earth", yaani ardhi. Mtoto wa Uingereza akilisikia anauona udongo. "Current" kwake ni mkondo wa mto, "live" ni chenye uhai, "resistance" ni kukinza. Wenzetu walichukua maneno ya nyumbani kwao wakayapa kazi mpya. Sisi tumechukua sauti, maana tukaiacha bandarini. Jirani yangu alipojenga banda la kuku, vibarua walikata waya wa kijani unaoshuka ardhini, naye akaona sawa tu, taa si zinawaka? Angeambiwa tangu mwanzo kwamba ule ni waya wa ardhini, njia ya kuutoa umeme uliopotea uende kwenye udongo, asingekubali.

Hapa kwetu ndiyo kabisa. Kiangazi cha Dodoma kinakausha udongo miezi mingi, na udongo mkavu unakinza umeme. Fimbo ya shaba inayofungwa waya wa ethi, ikichomekwa juujuu, inaweza isifae kitu mwezi wa Septemba. Mafundi wazuri wanaichimbia kina, wengine wanamwagia maji pale chini. Anayejua kwamba ethi ni ardhi anaelewa sababu ya yale maji. Asiyejua anadhani ni ushirikina.

Tusielewane vibaya. Sitaki tufukuze fyuzi, soketi, swichi wala transfoma. Hayo ni Kiswahili siku nyingi. Volti imetokana na Volta, Mtaliano. Ampea na Ampère, Mfaransa. Omu na Ohm, Mjerumani. Waingereza wenyewe wameazima. Na kijana anayetaka kazi kwenye treni ya umeme iliyofika Dodoma 2024, yenye waya wa juu wa kilovolti 25, huenda akakutana na maonyo yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Afundishwe maneno hayo, tena vizuri. Ila namna umeme unavyotembea na unavyoua, aelezwe kwa lugha anayoiwazia, na mtihani umuulize kwa lugha hiyohiyo. Mkondo tunao, ukinzani tunao. Shoti ibaki ya waya zilizogusana. Mtu aseme amepigwa na umeme.

Mafundi wa Nkuhungu, Kisasa na Ihumwa, nawasubiri hasa ninyi: mteja akipiga simu akasema "kuna shoti", mnamuuliza nini kabla hamjabeba vifaa?